Profesa Odhiambo: Aliyechunguza uzazi wa nzige, akarudi kujenga nyumbani

Wanasayansi wa Afrika Mashariki waliojulikana duniani ni wachache, na wale ambao majina yao yamewahi kutajwa sokoni Muyinga ama hapa kwetu Yoba, Gitega, ni wachache zaidi. Leo naomba nimweleze msomaji habari za mmoja wao, marehemu Profesa Thomas Risley Odhiambo wa Kenya. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kutafuta jibu la swali ambalo wengi wangelicheka: ni kitu gani mwilini mwa nzige dume kinachomfanya awe dume kamili, mwenye hamu ya jike na uwezo wa kuzalisha?

Naandika zaidi kwa ajili ya waliorudi kama mimi, na kwa wafanyabiashara wanaovuka Kobero kila wiki kwenda Kabanga na Ngara. Wengi wao wana ng'ombe au mbuzi, au wananunua mifugo ya wenzao. Habari hii inawahusu kuliko wanavyodhani.

Mimi nilizaliwa na kusomea Ulyankulu, mkoani Tabora, mtoto wa wakimbizi wa mwaka 1972. Waliokulia huko, au Katumba, au Mishamo, hawahitaji kuelezwa ndorobo ni nini, yule nzi ambaye vitabuni huitwa mbung'o. Wazazi wetu walitoka katika nchi ya ng'ombe wakaingizwa katika msitu wa miombo ambamo ng'ombe alikuwa hadumu. Darasani tuliambiwa kwamba mbung'o huleta malale kwa watu na nagana kwa mifugo, tukanakili ubaoni, basi. Katika vitabu tulivyosoma kila aliyegundua kitu alikuwa Mzungu. Hatukuambiwa kwamba Nairobi kulikuwa na Mwafrika aliyeongoza taasisi nzima ya kumchunguza nzi huyo huyo aliyekuwa akituuma njiani kwenda shule. Jina lake nililikuta nikiwa tayari nimeshakuwa mwalimu.

Thomas Odhiambo alizaliwa Mombasa tarehe 4 Februari 1931. Miaka hiyo nzige wa jangwani walikuwa wametoka kuivamia Kenya, na upande wa kusini nzige mwekundu alikuwa akizaliana katika mabonde ya Tanganyika, likiwemo la Rukwa, na kuenea nchi nyingi. Wazee wetu wa Burundi nao walisimulia njaa za nzige za wakati huo. Kijana Odhiambo alipenda wadudu tangu utotoni, akasoma hadi Chuo cha Makerere, Uganda. Kisha akafanya kazi katika idara ya kilimo ya nchi hiyo, akiwa mtaalamu wa wadudu wa mimea.

Ni huko Uganda alipoandika mambo yake ya mwanzo, na mojawapo nalipenda sana. Kuna mdudu fulani mwindaji, jamaa ya kunguni, ambaye jike akishataga haketi na mayai. Anayekaa ni baba. Dume huyasimamia mayai mchana na usiku, huwafukuza nyigu wadogo wanaotaka kutaga mayai yao ndani ya mayai yake, na majike wengine huweza kuja kuongeza mayai katika ulinzi huo huo. Odhiambo alikaa akamtazama mdudu huyo, akaandika maisha yake yote, na habari hiyo ikachapishwa mwaka 1959. Hadi leo wanaochunguza malezi ya baba kwa wanyama huirejea. Msomaji aone tangu hapo: jambo lililomvuta lilikuwa uzazi, na hasa upande wa dume, ambao watafiti wengi waliupita haraka.

Mwaka huo huo wa 1959 alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Akaanza upya na shahada ya kwanza, kisha akaendelea hadi shahada ya uzamivu chini ya Sir Vincent Wigglesworth. Hapa lazima nitulie kidogo, kwa sababu bila kumwelewa Wigglesworth hatuwezi kuelewa alichokifanya mwanafunzi wake.

Wigglesworth alikuwa amefanya majaribio ya kushangaza tangu miaka ya 1930. Alitumia kunguni mkubwa wa Amerika ya Kusini anayenyonya damu. Mdudu huyo ukimkata kichwa hafi upesi, anaweza kuishi miezi. Wigglesworth aliwakata vichwa wadudu wa umri tofauti, akawaunganisha wawili wawili ili damu ya mmoja iingie kwa mwenzake, akangoja aone nani atabadilika na nani atabaki vile vile. Kwa njia hiyo alionyesha kwamba kichwani mwa mdudu hutoka kitu kinachosafiri ndani ya damu na kuuamuru mwili ubaki mtoto. Kitu hicho ni homoni, na hutengenezwa na tezi mbili ndogo zilizo nyuma ya ubongo. Wataalamu wakaiita homoni ya utoto.

Jina hilo linapotosha kidogo. Kwa tunutu, yaani mtoto wa nzige ambaye bado hajaota mabawa, ni kweli homoni hiyo humzuia asikomae kabla ya wakati. Ikipungua, tunutu hujivua ngozi mara ya mwisho na nzige mwenye mabawa hutoka. Lakini baadaye tezi zile zile huamka tena, na safari hii kazi yake ni nyingine kabisa: zinamwandaa nzige kwa uzazi. Kwa jike, homoni hiyo inahitajika ili mayai yajae kiini. Kwa dume habari zilikuwa nusu nusu. Hapo ndipo Odhiambo alipoingia.

Alichukua madume ya nzige wa jangwani waliokuwa wametoka kuota mabawa, akawafanyia upasuaji na kuzitoa tezi hizo mbili. Naomba msomaji afikirie kazi hiyo. Nzige mzima ni kama kidole cha mtu, na tezi yenyewe ni ndogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Unatakiwa uitoe bila kuua mdudu, umpone, halafu umtazame kwa majuma.

Dume wa kawaida katika kundi la nzige wa jangwani huwa na rangi ya waridi akiwa kijana, na akikomaa hugeuka manjano. Madume waliotolewa tezi hawakukomaa. Tezi zao za uzazi, zile zinazotengeneza majimaji yanayosindikiza mbegu za dume, hazikukua wala kujaa inavyotakiwa. Mafuta yakawajaa mwilini. Tena walikuwa wazito wa kutembea. Odhiambo alipima mwendo wao, akakuta wanahangaika kidogo sana wakilinganishwa na wenzao. Aliporudisha tezi kwa kuzipandikiza ndani ya mwili, mambo yalianza kurejea.

Mfugaji yeyote wa Burundi akisikia dume asiyetaka jike, aliyenenepa na kutulia, atasema huyo ni maksai. Atakuwa hajakosea sana. Tofauti ni kwamba maksai ametolewa korodani, ambapo nzige huyu korodani zake ziko pale pale. Aliyeondolewa ni msimamizi wa kazi, aliyekaa nyuma ya ubongo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1965 na 1966 katika majarida makubwa ya Uingereza, na baadaye Odhiambo akaandika pia juu ya muundo wa zile tezi za uzazi za dume, akizichambua kwa darubini.

Inasaidia nini? Kundi la nzige wa jangwani linaloenea kilomita moja ya mraba huwa na nzige kati ya milioni 40 na 80. Kwa siku moja kundi hilo hula chakula kinachoweza kulisha watu 35,000, na huweza kuruka hadi kilomita 150. Nguvu yote hiyo inatokana na kuzaliana kwa pamoja. Madume yaliyokomaa hutoa harufu inayowahimiza wengine wakomae, kundi zima likawa tayari wakati mmoja, likataga mahali pamoja. Anayejua kinachoamuru ukomavu huo ameushika mzizi wa janga. (Msomaji wa upande wa Kagera asimchanganye nzige huyu na senene wanaokaangwa Bukoba. Senene ni wa ukoo mwingine, na wao ndio wanaoliwa na sisi.)

Mwaka 1965 Odhiambo alikuwa na miaka 34, ana shahada ya uzamivu na amekwisha kuandika katika majarida ambayo watafiti wengi hawayafikii mpaka wanazeeka. Angeweza kubaki Ulaya. Akarudi Nairobi kufundisha elimu ya wanyama katika chuo kikuu kilichokuwa bado kichanga.

Sitaki kumlinganisha na sisi. Yeye alikwenda kusoma, sisi wazazi wetu walikimbia. Lakini waliorudi wanalijua swali alilokutana nalo: mtu aliyefunzwa ugenini afanye nini na elimu ambayo nyumbani haina meza ya kuwekwa? Nimewaona wenzangu waliorudi kutoka Tanzania na ufundi wao mzuri, fundi wa mitambo, mkunga, mwalimu wa hesabu, wakakaa mwaka mzima wakieleza vyeti vyao kwa Kiswahili kwa watu waliotaka Kifaransa. Wengine walivuka tena mpaka. Wengine walikubali kuuza dagaa. Biashara ya dagaa ni ya heshima, lakini ile elimu ilikwenda wapi?

Odhiambo hakungoja meza. Mwaka 1967 aliandika katika jarida la Marekani liitwalo Science makala juu ya sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Hoja yake kwa ufupi ilikuwa hii: nchi zetu haziwezi kuendelea kwa kuletewa majibu yaliyopikwa mbali. Zinahitaji vituo vichache vya utafiti vya daraja la juu kabisa, vilivyo hapa hapa, vinavyoshughulikia matatizo ya hapa, na watafiti wanaoishi hapa. Tena sio sayansi ya daraja la pili eti kwa sababu sisi ni maskini. Mdudu wa Afrika achunguzwe Afrika kwa ubora ule ule wa Cambridge.

Mtu mmoja aliyekuwa na mawazo kama hayo alikuwa Carl Djerassi, mkemia wa Marekani. Huyu naye ni mtu wa homoni. Mwaka 1951, akiwa Mexico, yeye na wenzake walitengeneza homoni ambayo baadaye iliingia katika vidonge vya uzazi wa mpango, vile ambavyo kina mama wetu hupewa kliniki. Naye alikuwa mkimbizi. Alizaliwa Vienna, Austria, na akiwa kijana aliikimbia Ulaya ya Hitler kwa sababu ya Uyahudi wake. Miaka ya 1960 Djerassi alikuwa amegeukia homoni za wadudu, akiamini kwamba badala ya kumwaga sumu shambani unaweza kumvuruga mdudu katika kukua na kuzaa kwake. Alikuwa akihimiza wanasayansi wa nchi tajiri wasaidie kujenga vituo vya utafiti katika nchi changa. Mawazo ya watu hao wawili yakakutana.

Mwaka 1970 kikaanzishwa Nairobi Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, kinachojulikana kwa kifupi kama ICIPE. Odhiambo, akiwa na miaka 39, akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Kilianza kwa unyonge, katika nafasi ya kuazima kwenye eneo la chuo kikuu, Chiromo. Vyuo na akademia za sayansi za nje vilikiunga mkono, na maprofesa wenye majina makubwa kama Koji Nakanishi wa Japani walikuja kwa vipindi kuwaongoza watafiti vijana walioishi hapo. Baadaye kituo kikahamia Kasarani, nje kidogo ya mji, mahali palipopewa jina la Duduville, yaani mji wa wadudu. Nafurahi kwamba katika jina hilo neno la kwanza ni la Kiswahili.

Katika miaka hiyo hiyo alikuwa mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Sijui alilala saa ngapi.

Sasa turudi kwa ndorobo, maana hapa uzazi wa mdudu unagusa mfuko wa mfugaji. ICIPE ilimweka mbung'o miongoni mwa wadudu wake wa mwanzo wa kuchunguzwa. Uzazi wa nzi huyu hauna mfano kwa wadudu tunaowajua. Nzi wa chooni hutaga mayai mamia. Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, akaziweka mbegu za dume akiba. Kisha hukuza yai moja, moja tu, ndani ya tumbo lake. Yai huanguliwa humo humo, na buu hulishwa kwa maziwa yanayotoka katika tezi ya mama. Baada ya siku 9 au 10 mama humzaa buu karibu mkubwa kama yeye mwenyewe, naye hujichimbia udongoni na kuwa pupa. Kwa hali ya hewa ya kwetu nzi hutoka kama mwezi mmoja baadaye. Mama anaanza tena na yai jingine.

Piga hesabu kama unavyopiga ya gunia. Nzi jike akiishi miezi mitatu amezaa watoto wanane au tisa. Ng'ombe na mbung'o wanafanana kuliko mbung'o na mbu. Kwa hiyo huhitaji kuwaua wote siku moja. Ukiondoa asilimia chache za majike kila siku, kila siku bila kukosa, kizazi hakiwezi kujijaza na idadi inaanguka. Udhaifu wa adui huyu upo katika uzazi wake.

Watafiti wa ICIPE waliijaribu hesabu hiyo Nguruman, katika nchi ya Wamasai karibu na Magadi. Robert Brightwell na Robert Dransfield walitengeneza mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi ambao mtu angeweza kuushona kijijini, wakauita NGU kwa kufupisha jina la mahali. Chambo kilikuwa asetoni na mkojo wa ng'ombe, ambao nzi huufuata kwa harufu. Mkojo ulitoka katika mazizi ya Wamasai wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mbung'o wa eneo lile walipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Shida ilikuwa kwamba mitego inahitaji watu wa kuitunza, na ikilegezwa nzi hurudi kutoka pembeni. Hilo nalo ni somo la uzazi: aliyebaki mmoja nje ya mpaka wa kijiji anatosha kuanza.

Njia nyingine, ambayo haikuwa kazi ya Odhiambo, ilifanyika Zanzibar. Serikali ya Tanzania pamoja na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walifuga mbung'o Tanga, wakawafanya madume wagumba kwa mionzi, wakawamwaga kwa ndege juu ya kisiwa cha Unguja kuanzia 1994 hadi 1997. Walimwagwa zaidi ya milioni 8. Jike aliyepandwa na mgumba ndiyo basi, maana hapandwi tena. Mbung'o wa mwisho wa porini Unguja alinaswa Septemba 1996. Kisiwa kilisaidia, kwani bahari inazuia wageni. Ngara na Kibondo hakuna bahari.

Mfanyabiashara wa ng'ombe ataniuliza kwa nini nimtwishe habari za tumbo la nzi. Ni kwa sababu nagana haiui tu. Inakula uzazi. Ng'ombe jike mwenye nagana hukosa joto kwa wakati wake, hushindwa kushika mimba, au huitoa. Fahali huharibika korodani na homoni zake hushuka. Unaweza kununua mnada wa ng'ambo fahali mzuri wa kutazama, ukamleta nyumbani, ukangoja ndama mwaka mzima. Katika milima yetu, ambapo familia iliyopewa ng'ombe wa mradi hutakiwa kumpa jirani ndama wa kwanza, ng'ombe asiyezaa ni hasara ya nyumba mbili, na pia ni ugomvi wa nyumba mbili. Apimwe damu kwa daktari wa mifugo kabla ya kulipa. Na tusichanganye nagana na ndigana, ambayo huletwa na kupe na dawa yake ni nyingine.

Narudi kwa profesa. Katika miaka ya 1980 jina lake lilikuwa kubwa. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Akademia ya Sayansi ya Dunia ya Tatu mwaka 1983, iliyokuwa na makao Trieste, Italia. Mwaka 1985 akaongoza kuanzishwa kwa Akademia ya Sayansi ya Afrika, akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1987 alipewa Tuzo ya Uongozi ya Afrika ya kupambana na njaa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal. Tuzo hiyo ndiyo ilikuwa inatolewa kwa mara ya kwanza.

Lakini kama ningeulizwa mimi kazi yake bora ni ipi, nisingetaja tuzo. Ningetaja mpango ulioanza mwaka 1983 wa kuwafundisha Waafrika shahada za uzamivu katika elimu ya wadudu, ICIPE ikishirikiana na vyuo vikuu vya Afrika. Kabla ya hapo kijana wa Ethiopia au Zambia aliyetaka elimu hiyo ilibidi aende London au Marekani, na wengi hawakurudi. Odhiambo aliyajua hayo kwa kuyaishi. Mpango ule ulimruhusu mwanafunzi afanye utafiti juu ya mdudu wa nchi yake, akae katika bara lake, na apate cheti kutoka chuo cha Afrika. Mamia wamepita humo. Mwalimu anaelewa uzito wa jambo hilo kuliko mtu mwingine.

Hakukosa wa kumlaumu. Walisema kituo chake kilikuwa cha kifahari mno kwa nchi za wakulima, kwamba watu walikuwa wanahesabu nywele za mdudu wakati mahindi yanaliwa na funza. Nadhani lawama hiyo ina ukweli nusu. Miaka ya mwanzo kituo kiliegemea sana maabara, na mkulima alingoja. Lakini mtego wa Nguruman usingeshonwa kama hakuna aliyekuwa amekaa na kuhesabu siku za mimba ya mbung'o. Tena waliolalamika kwamba Afrika haihitaji sayansi ya juu mara nyingi walikuwa watu ambao nchi zao zinayo. Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa pesa. Kituo kilitegemea wafadhili wa nje, na mfadhili akibadili nia, mtafiti hufunga virago. Odhiambo alilihubiri jambo hili kwa marais wa Afrika miaka mingi, kwamba walipie sayansi yao wenyewe. Marais walimpigia makofi.

Aliacha uongozi wa ICIPE mwaka 1994, baada ya miaka 24. Aliyempokea alikuwa Mswisi, Hans Herren, aliyekwisha kujulikana kwa kuongoza vita dhidi ya kidung'ata wa mihogo kwa kutumia nyigu mdogo adui yake. Miaka hiyo ya 1990 kituo kiliendelea na nzige pia. Watafiti wake, akiwemo Ahmed Hassanali, walichunguza zile harufu ambazo nzige huwasiliana nazo. Walionyesha kwamba harufu ya madume waliokomaa ikipuliziwa tunutu huwavuruga hadi kundi linasambaratika. Ni swali lile lile la mwaka 1965, la dume na ukomavu wake, limerudi kwa mlango mwingine.

Zile homoni za utoto nazo zilipata kazi. Kampuni ya Djerassi ilitengeneza dawa inayoiga homoni hiyo, iitwayo methoprene. Mabuu wa mbu wakiipata majini hawawi mbu wazima wanaoruka. Shirika la Afya Duniani limeikubali hata katika matangi ya maji ya kunywa.

Kituo kidogo cha ICIPE kilichopo Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria upande wa Kenya, ndicho kilichomkaribia mkulima zaidi. Huko ndiko ulikojaribiwa ule mpango wa sukuma-vuta, ambao mahindi hupandwa pamoja na desmodiamu inayomfukuza nondo wa funza wa mabua, na pembeni huzungushiwa mabingobingo yanayomvuta nondo huyo akatage huko. Desmodiamu na mabingobingo yote ni chakula cha ng'ombe. Tangu sheria yetu ya mwaka 2018 iliyotaka mifugo ifungiwe zizini, mwenye majani ya kukata ni tajiri, kwa hiyo mbinu hiyo inastahili kujaribiwa hata na mwenye shamba dogo la nyuma ya nyumba.

Profesa Odhiambo alifariki dunia tarehe 26 Mei 2003, akiwa na umri wa miaka 72. Mwishoni mwa mwaka 2019 na mwaka 2020 nzige wa jangwani waliingia tena Kenya kwa wingi ambao haukuonekana kwa miaka 70, wakafika na Uganda. ICIPE ilikuwa miongoni mwa waliotafuta mahali watakapotaga. Kituo cha Mbita sasa kinaitwa kwa jina lake.